Hotuba ya Kuzindua Dawa ya Pumu kwa Watoto Wote Sawasawa

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji cha Ujamaa Mapambazuko. Ndugu Makamu wake. Ndugu mabalozi wa nyumba kumi kumi. Wazee wangu wote, shikamooni. Ndugu Muhidin wa Sumbawanga mjini, uliyetuletea viti kwa lori lako. Akina mama mlioacha kupura ulezi mkaja na vumbi lake mabegani. Wanakwaya, wanafunzi, na wote niliowasahau kwa sababu ya majukumu. Uhuru! (Na kazi!)

Mimi Flavian, Katibu Tarafa wenu, niliyesoma mpaka darasa la nane na kuongeza semina tatu, nasimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa ambao wenzangu wengi hawana, kuzindua rasmi Mradi wa Majaribio wa Kupambana na Pumu kwa Watoto, ambao kikodinesheni na kiimplimentesheni umevuka tageti kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi. Mzee mmoja anauliza hiyo nne imetoka wapi.) Hiyo ni ziada, mzee wangu, tutaigawa.

Sasa niwaelimishe. Pumu ni njia za hewa kifuani kuvimba na kujibana, mtoto akapumua kwa filimbi. Dawa zake ni namna mbili: ipo ya kufungua kifua anapobanwa, na ipo ya kumpa kila siku, hata siku akiwa mzima kabisa anakimbiza mbuzi, ili asibanwe. Kipimo kinafuata uzito wa mtoto, siyo cheo cha baba yake. (Vicheko.) Mganga wa hospitali alitufundisha hayo kwenye semina, nami nikapiga makofi kama nyie.

Kwa msingi huo, kopo la vidonge lilipofika, kamati yangu ilikaa, ikala, ikaazimia kwamba katika siasa yetu haiwezekani mtoto mmoja ameze kila siku na mwenzake asimeze hata kimoja, maana huo ni unyonyaji, hivyo tukagawa kimoja kimoja kwa kila mtoto wa kijiji, mwenye pumu na asiye nayo, na kabla ya mchana kopo lilikuwa tupu. (Makofi. Mama mmoja anasema, "Wangu alikuwa mzima, Ndugu Katibu. Alipomeza, moyo ulimdunda, akakesha anaimba nyimbo za Chama.") Huo, mama, unaitwa uhamasishaji. (Vicheko.)

(Josefina, mama yake Kalista, anasogea mbele na mtoto huyo kifuani. "Kalista amebanwa tangu asubuhi, tulipokuwa tunapura. Hiyo ya kufungua kifua iko wapi?")

Mama Kalista, suala lako limepokelewa na litawasilishwa kwenye kikao husika.

("Midomo inabadilika rangi, Ndugu Katibu. Kikao ni lini?" Filimbi ya kifua inasikika mpaka kwenye viti vya wageni.)

Kikao. Kikao, ndugu zangu, ni mimi. Kodinesheni ni mimi. Hilo kabati mlilolifunika kitambaa mkisubiri nikate utepe, ndani hamna hata kidonge. Asilimia niliziandika mwenyewe huku nikila kuku wenu. Na lile kopo, nilijua. Mganga alisema wazi, wape wanaoumwa, kila mmoja kwa uzito wake. Mimi nikaona vidonge vya watoto wachache havitanipatia makofi, vya kijiji kizima vitanipatia. Huyu alipewa kimoja. Vyake vingine vimo kwenye matumbo ya watoto waliokuwa wazima.

Kasimiri, washa gari. (Dereva anasema mafuta yanafika hospitali mjini tu, hayatoshi kumrudia Katibu.) Usinirudie. Wageni waheshimiwa, shusheni mizigo yenu garini. Mama Kalista, panda mbele. Mkalishe wima, usimlaze, na ukifika usiseme umetumwa na mtu, sema mtoto hapumui. (Gari linaondoka.)

Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa na kurasa nyingine za mafanikio. Naziacha. Nawashukuru kwa kuupigia makofi mradi ambao haukuwahi kuwapo. Uhuru.

(Watu wanasikiliza gari likipanda kilima na kubadili gia.)