Kaka na Dada wa Toleo la Kwanza

Jumatatu, 6 Mei

Nimekwisha! Leo tamthilia ya "Taa ya Wodini" ilipomalizika, tangazo likatokea: Alhamisi kitabu chake cha katuni kinatoka, toleo la kwanza, hadithi nzima tangu mwanzo. Herufi kubwa, wakasema. Mama mkwe akapiga makofi. Herufi kubwa anaziona.

Hapo ndipo jasho liliponitoka. Ngoja nieleze, maana humu ndimo ninamoweza kusema.

Tamthilia ile inazungumzwa kigeni, na Kiswahili kinaandikwa chini kwa herufi ndogo kama chawa. Mke wangu ni mpishi wa bweni, anarudi watoto wa watu wameshakula. Kwa hiyo saa moja jioni tunabaki mimi, mama mkwe na runinga, nami ndiye msomaji. Sasa siku ya kwanza kabisa, Daktari akamkumbatia Muuguzi. Si kukumbatia kwa salamu. Mimi na mkwe wangu kochi moja! Nilitamani kuingia chini ya zulia. Mama akauliza wale ni nani kwa nani. Mdomo ukajibu kabla yangu: ni ndugu, mama, walipotezana utotoni.

Tangu hapo kila wakibusiana nasema wamemkumbuka marehemu mama yao. Miezi sasa. Juzi mama aliwaombea kabla ya chakula, ndugu wale wapate faraja. Nikaitikia amina. Mungu anisamehe amina ile.

Na wakati ni huu mbaya. Shemeji mdogo anaolewa mwezi ujao, na Jumapili mama atamtaja atakayesimama kuisemea familia. Ni mimi au Mwanyumba, yaani mume wa dada wa mke wangu, karani mwenye viatu vya kujitazamia. Mama hupenda kusema kwamba mimi ni mtu wa kweli. Nimeitaka nafasi hiyo mpaka suti nimeshajishonea.

Mwanyumba naye alikuwepo leo, na maandishi yale ya chini anayasoma. Akasema kitabu hicho atakileta yeye.

Jumanne, 7 Mei

Nimesali, kisha nimepata mpango.

Nimekwenda kwa Bwana Magazeti, kibanda cha kona. Nimemwomba, Mwanyumba akija, amwambie vitabu vimekwisha. Akauliza kwa nini adanganye. Nikamwambia koti lake lina zipu mbovu, na mimi ni fundi cherehani. Akalivua pale pale.

Dhambi iko kwake, siyo kwangu. Mimi nimebadilisha zipu tu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimefika kibandani kabla hajafungua. Nimechukua nakala moja, nikaingia nayo dukani, nikafunga mlango.

Ee Mola! Jalada tu, wameshikana. Ukurasa wa kwanza Muuguzi anasema "mume wangu". Katikati kuna harusi, shela mpaka sakafuni. Wao kwenye runinga walituficha harusi, wachoraji wameichora kurasa mbili nzima.

Nikakaa kidogo. Kisha nikaiona karatasi nyeupe ninayokatia mitindo ya nguo. Gundi ipo. Kalamu ipo. Nikafunika maneno yale mabaya moja moja na kuandika mema kwa herufi kubwa. Penye "mume wangu" nikaandika "kaka yangu". Penye harusi, Daktari sasa anasema: "Dada, hongera kwa kumaliza chuo cha uuguzi, kofia yako ni ndefu lakini inakupendeza." Penye busu la mdomo nilifikiri mpaka chai ikapoa. Nikaandika: "Dada, una kibanzi jichoni, tulia nikipulize."

Mama akikisoma hiki kwanza, hata Mwanyumba akipata kingine, yeye atakitakia nini?

Jioni nikapita kibandani kumshukuru Bwana Magazeti. Amevaa koti, zipu inateleza vizuri. Akanieleza kwa furaha kwamba Mwanyumba alifika, akamwambia vimekwisha, Mwanyumba akasema mbona vile pale. Basi akaona bora aseme ukweli, kwamba fundi ndiye aliyemwomba aseme vimekwisha. Akamuuzia.

Zipu nzima!

Ijumaa, 10 Mei

Kidole nimekifunga kitambaa, mwandiko unisamehe.

Nilimpa mama kitabu saa kumi na mbili kasoro. Akasogea dirishani, akaanza kusoma kwa kidole, neno baada ya neno, midomo ikicheza. Mimi nikajifanya nashona vifungo. Saa ya ukutani ilikuwa inapiga kelele leo, sijui ina nini.

Akafika kwenye kofia ndefu. Akasimama hapo. Akafungua ukurasa wa mbele, akarudi. Akasema kwamba mahafali haya yamehudhuriwa sana. Nikasema ndiyo mama, chuo kikubwa. Akaendelea. Akafika kwenye kibanzi. Ukucha wake ukaanza kupapasa pembe ya karatasi yangu, pole pole, kama anayetafuta mwanzo wa uzi. Pembe ikainuka. Sindano ikaniingia kidoleni na sikuguna.

Hodi. Mwanyumba.

Akaingia na viatu vyake na tabasamu lake. Akamsalimu mama vizuri sana, akauliza hali ya miguu, akakaa. Kisha akatoa kitabu kwenye bahasha.

"Mama, nimekuletea hiki," akasema. "Hiki hakijapita kwa fundi."

Akamfungulia pale pale kwenye harusi, kurasa mbili, akamwekea mapajani juu ya changu. Mama akainama. Mke wangu, leo amewahi kutoka kazini, alikuwa ndiyo kwanza anaingia na kapu lake, akabaki mlangoni. Mimi nilikuwa naomba moyoni, lakini sikujua niombe nini hasa. Umeme ukatike? Bado kulikuwa na mwanga wa jua.

Mama akasoma yote. Kisha akaweka kiganja juu ya picha, akaifunika.

"Baba, funga kitabu chako. Hawa ni ndugu."

Mwanyumba akasema kwa upole kwamba imeandikwa mume na mke, mama, hapo hapo chini ya kiganja.

"Nyinyi ni wakwe zangu wawili, mmekaa mbele yangu," mama akasema. "Na mimi nimesema ni ndugu. Au unataka tuizungumze hiyo picha?"

Mwanyumba akatazama viatu vyake. Kwa mara ya kwanza havikumsaidia. Akafunga kitabu, akasema amekumbuka ana mgeni nyumbani.

Ameamini! Gundi yangu imeshinda kiwanda kizima cha uchapaji!

Jumamosi, 11 Mei

Mke wangu amecheka mpaka ameweka mwiko chini. Anasema mama anajua tangu wiki ya kwanza. Shemeji mdogo alimweleza yote. Mama akamwambia anyamaze, kwa sababu mkwe akikiri kwamba wale ni wapenzi, itambidi yeye akae chumbani kila jioni kwa heshima, na anataka kuona mwisho wa tamthilia.

Nikauliza, na zile dua?

"Alitaka kuona kama utaitikia amina," akasema.

Sikula. Nimepiga magoti muda mrefu. Nimemwahidi Mwenyezi Mungu kwamba uongo basi. Hata wa wema. Hata wa runinga. Suti nimeifunga kwenye gazeti nikaisukuma chini ya kitanda. Mtu wa kweli! Na miezi yote hiyo alikuwa ananitazama tu.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya ibada mama alituita sote. Akasema atakayesimama kuisemea familia ni Mwanyumba, kwa kuwa maneno ya familia yanatakiwa kufika kama yalivyotoka. Mwanyumba akarekebisha tai. Mimi nikatazama zulia.

Kisha mama akanigeukia.

"Wewe, baba, utakaa na mimi kiti cha mbele. Macho yangu hayafiki mbali. Utanieleza kinachoendelea." Akaipanga kanga begani. "Na kisichofaa mimi na wewe kukiona pamoja, utanieleza kingine. Nimeshakuzoea."

Mke wangu akanifinya mkono. Kiti cha mbele! Mwanyumba atasimama dakika chache tu, kisha atakwenda zake nyuma.

Suti nimeitoa, nimeipiga pasi. Ahadi yangu kwa Mungu iko pale pale, nimeomba tu ianze baada ya harusi. Maana bwana harusi nimemchunguza, kijana ana haraka, lazima atambusu bibi harusi mbele ya watu wote. Kibanzi hakifai tena, mama ameshakisoma.

Nitasema ni mdudu.