Picha Iliyokatazwa Kuiva

Halmashauri ya mji wa Kazemori iliwatangazia wananchi wote, kwa furaha na kwa mhuri mwekundu, kwamba picha mpya ya ukumbi wa mji imeidhinishwa kuwa ya rangi ya chai hafifu, na kwamba kuanzia siku hiyo hairuhusiwi kubadilika kwa namna yoyote ile.

Uamuzi haukuja kirahisi. Kamati ya Utulivu wa Rangi ilimaliza majira ya baridi ikiichunguza picha hiyo, maana haikuwa na mtu, mlima wala ua; ni mapigo mapana ya brashi tu, yamepandana ukuta mzima. Mkurugenzi Kuramochi, mwenyekiti, aliuliza upande wake wa juu ni wapi. Mchoraji, Bi Shigeno, akamjibu kuwa ni popote atakapopenda. Jibu hilo liliundiwa kamati ndogo.

Hatimaye mihuri ikagongwa. Maofisa wadogo waligonga yao ikiwa imeinama kidogo kuuelekea wa mkurugenzi, kama adabu inavyotaka, na mhuri wa Kuramochi ukasimama wima peke yake. Roho yake ikasuuzika. Vuli ile mkuu wa mkoa angekuja kuuzindua ukumbi, na ilinong'onwa kuwa anatafuta naibu. Kuramochi alijiona kashakikalia kiti.

Mvua zilipokatika, picha ikawa rangi ya asali. Kisha ya tofali. Kuramochi akamwita mchoraji mbio mbio.

"Mama, nani kakuruhusu kuendelea kupaka?"

"Sijaigusa, bwana mkubwa. Ile rangi ni maji ya matunda mabichi ya persimoni. Yakipigwa na jua yanaiva. Si nilisema kikaoni?"

"Kikao hakikusikia."

"Kikao kilikuwa kinakula keki za maharage."

"Basi iambie iache!"

"Iambie wewe mwenye mhuri. Mimi nimeizaa tu."

Karani Hamasaki akapendekeza pazia. Kuramochi akamkata kauli: pazia nalo ni badiliko. Angeilinda mwenyewe. Akaweka kiti mbele ya picha, akaipa mgongo, akalitazama dirisha kubwa kwa ukali, ili jua lijue linashughulika na nani.

Kabla ya chai ya asubuhi alikuwa anakoroma, kichwa kimelala ukutani. Sasa, huko Kazemori anayesinzia kazini huhesabiwa kuwa kachoka kwa bidii. Watumishi walimpita kwa ncha za vidole, wakimwinamia. Ikawa hivyo kila siku, kiangazi kizima, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Mkuu wa mkoa akafika. Kuramochi akaondoka kitini, akasogea kando, akainama hadi kiunoni.

"Mheshimiwa, picha isiyobadilika!"

Ukuta ulikuwa umeiva kahawia nzito, isipokuwa pale alipokuwa akikaa. Hapo, kwa rangi ileile ya chai hafifu iliyoidhinishwa, alikuwapo mtu mnene kitini, shingo imelegea, kidevu kimedondoka begani.

"Niliambiwa picha hii haina mtu," mkuu wa mkoa akasema.

"Yule sikumchora mimi," akajibu Bi Shigeno. "Kajichora mwenyewe."

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Kuramochi akawa mwekundu kuliko mhuri wake.

"Ifutwe! Sasa hivi!"

Hamasaki akakohoa kwa heshima. "Hairuhusiwi kubadilika, mkurugenzi. Kwa namna yoyote ile."

Mkuu wa mkoa akaisogelea picha, akaikagua sana. "Kweli kabisa," akasema. "Sehemu pekee iliyotii kanuni ni pale ulipolala." Akaenda kumtafuta naibu mkoa mwingine.

Siku hizi watu huja hata kutoka bandarini kumwinamia yule wa ukutani, wakipita kwa ncha za vidole. Kuramochi hufika kabla yao wote. Hufungua dirisha, huvipangusa vioo kwa leso yake, kisha husimama pembeni kabisa asije akalizuia jua.

"Iva basi, mama," huibembeleza picha. "Iva kidogo tu."

"Taratibu, kaka," Bi Shigeno alimwambia juzi akipita. "Haijasikia tangazo lako lile, sembuse ombi hili."