Pakiti za Kijani Mbele ya Lango la Kiwanda

Jumatatu, 3 Novemba 2008
Mji wetu wote wa Hsinchu, hapa Taiwan, unalia hali ngumu, mimi nacheka kichinichini. Fundi Tsai, wa kile kiwanda mbele ya duka letu kinachounda mashine za kutengenezea chipu za kompyuta, kanunua katoni nne za vitafunio vya pakiti ya kijani. Nne! Na mashine mpya haiwashwi hapa bila pakiti ya kijani juu yake; mafundi wanaamini inaitia adabu, isigome. Pakiti arobaini na nane, basi mashine arobaini na nane! Magazeti yanasema oda hakuna. Magazeti hayauzi vitafunio.

Jumanne, 4 Novemba
Nimenunua hisa za kiwanda. Pesa ni ya chekechea ya binti yangu Yun-hsi, inatakiwa tarehe 14, na nafasi imebaki moja. Mume wangu hajui. Nimembusu mtoto, nikamwahidi sare mbili.

Alhamisi, 6 Novemba
Hisa zimeshuka. Nikaweka pakiti ya kijani juu ya televisheni inayoonyesha bei. Zikashuka tena! Mama mkwe akaniuliza, we mwanamke, una akili? Kwenye hisa hapa kwetu kijani ni kushuka, nyekundu ndiyo kupanda, nawe unaziombea zife! Nimeitoa. Nimeweka soksi nyekundu ya Yun-hsi.

Jumatatu, 10 Novemba
Tsai tena, katoni sita! Nikamchimba kwa ujanja: mashine zinatoka kwa wingi, eh? Akacheka mpaka akashika kaunta. Mashine gani, dada? Nusu yetu wako likizo bila malipo, jiko la kiwanda limefungwa, hivi ndivyo chakula chetu cha mchana. Nikauliza, sasa mbona kijani tu? Akasema nani athubutu kuingiza pakiti ya njano mule ndani, mashine zigome!
Akaomba na punguzo.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimeuza hisa. Imerudi nusu. Nafasi ya chekechea kapewa mtoto wa jirani. Yun-hsi aliuliza mbona tunaikwepa njia ya chekechea. Nikamwambia mwakani, mama, nikalia kidogo nyuma ya mwavuli. Nimeapa: hisa basi!
Ila pale saluni nimewakuta wake watatu wa mameneja wa kiwanda wanapaka nywele rangi. Wanataka waonekane vijana, wamesema, vyeti vyao vya shule wameshavitoa nakala, wiki ijayo wana mahojiano. Mahojiano! Bila shaka na gazeti, kuhusu kiwanda kuinuka. Na hiyo nusu bado ninayo. Soko linafunguliwa Jumatatu saa tatu.