Bango la Govi la Mji wa Mullagong

"Shika upande wako, bado limepinda," alisema Neville Trask, miguu yake ikiwa imetanuka kama ya mtu aliyeshuka farasi sasa hivi.

Kelvin Dodd, fundi wa baraza, alinyoosha bango kwenye ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo cha klabu ya mpira, akapitisha brashi ya gundi. Juu kabisa bango lilitangaza kwamba Mullagong ndio mji wa kwanza Australia kuwa na Sera ya Usafi wa Sehemu Husika ya Mwanamume.

Sehemu Husika lilikuwa jina rasmi. Sista Rosalba, muuguzi wa zahanati aliyetunga rasimu ya kwanza, alikuwa ameandika "govi", kwa sababu wakata manyoya walimjia na ngozi nyekundu, inayowasha na kunuka, huku wakiwalaumu kondoo. Maneno yake yalikuwa machache: vuta govi nyuma taratibu, osha kwa maji ya vuguvugu, kausha, kisha lirudishe mahali pake. La mtoto likiwa bado halijaachia, lisivutwe kwa nguvu.

Kamati ya Stara, chini ya uenyekiti wa Neville, ilijadili rasimu hiyo kwa umakini na pai nyingi za nyama. Kwanza ililiondoa neno govi. Kisha ikagundua kwamba picha ya mwenyekiti akitabasamu haipati nafasi, ndipo ikafuta, kwa kauli moja, maneno ya kurudisha. Kamati iliamini kwamba mtu mzima aliyeanza jambo anajua kulimaliza.

"Nev, mbona hukai?" aliuliza Kelvin. "Tangu asubuhi umesimama kama nguzo ya uzio."

"Kiongozi hakai kazini."

"Juzi kwenye kikao ulikoroma."

Neville alihamishia ndoo ya gundi mkono wa pili. Hakuwahi kuwataka wananchi wafanye jambo ambalo yeye mwenyewe hajalifanya. Jana jioni alikuwa ameoga kwa kufuata sera neno kwa neno. Alivuta. Akaosha. Akakausha. Sera iliishia hapo, naye akaishia hapo. Asubuhi ngozi ilikuwa imekaza nyuma ya kichwa cha uume kama mpira wa kufungia mfuko, na mbele yake kila kitu kimevimba.

Aliweka ndoo ya gundi chini.

"Nipeleke zahanati, Kelvin. Kwenye mashimo nenda polepole."

Chumba cha kusubiri kilijaa wakata manyoya. Sista Rosalba aliinua macho mezani kwake.

"Shida nini, mwenyekiti?"

"Sehemu Husika," alinong'ona Neville.

"Ipi? Tangu mtangaze sera yenu kila mtu ananiambia hivyo. Wa mwisho alikuwa anaumwa jino."

"Ile ya kwenye bango."

"Sema, Neville, nijue nianzie wapi."

"Govi!" alipiga kelele Neville. "Limekwama nyuma, halirudi!"

Vichwa vyote viligeuka. Mzee mmoja mkata manyoya akasogeza miguu yake.

"Mpisheni, jamani. La mwenyekiti lina haraka."

Rosalba hakucheka. Alimwingiza ndani papo hapo, akavaa glavu, akapaka jeli, akaminya uvimbe polepole kwa muda mrefu, kisha akalisukuma govi mbele. Neville alitoa sauti ambayo haikuwahi kupitishwa na kamati yoyote.

"Ungechelewa, damu ingeacha kupita," alisema Rosalba. "Nani alikwambia usilirudishe?"

"Bango."

"La nani?"

Neville alianza kufunga mkanda.

Kikao cha dharura kilifanyika ndani ya gari la Kelvin, na akidi ilikuwa Neville. Kiliazimia kwamba neno govi lirudi, na sentensi iliyofutwa irudi pamoja nalo. Kuchapa upya kungechukua mwezi mzima, kwa hiyo Kelvin aliandika maneno kwa rangi nyeusi kwenye vipande vya karatasi. Waliporudi klabuni alishika kipande cha kwanza, akalitazama bango juu hadi chini.

"Nafasi hakuna, bosi. Labda hapa."

Kidole chake kilitua kwenye picha. Neville alichovya brashi kwenye gundi, akampa.

"Bandika."

KISHA RUDISHA GOVI MAHALI PAKE, yalisomeka maneno, kutoka sikio hadi sikio, juu ya meno.

Jua lilipozama walikuwa wamesahihisha bango la klabu na yale waliyokwisha kubandika kwenye mabanda ya kukatia manyoya. Vilibaki vyumba vya kuogea vya madiwani. Neville aliingia garini kwa kalio moja.

"Vile kesho," alisema, "kabla hawajaoga."