Hodi ya Ziwa kwa Mama Délice

Alhamisi, 11 Aprili 2024

Ziwa limepanda kidole kimoja tena. Najua kwa sababu Bernardine hupima. Kila asubuhi, kabla ya kukaanga mandazi, hutoka na chaki na kuchora mstari kwenye mchikichi ulio mbele ya nyumba yake, pale maji yalipofika. Mistari imekuwa mingi, mti umevaa soksi za mcheza mpira. Mbele za watu namwita Mama Délice, kwa jina la binti yake aliyeolewa ng'ambo, Bujumbura. Humu ndani namwita Bernardine. Daftari halina masikio.

Ni mjane, mwaka wa sita huu. Nyumba yake ni ya mwisho kwenye avenii yetu. Baada yake ni maji. Leo amemwambia dada yangu Sidonie kwamba kiwanja cha mlimani anacho, mbao anazo, anakosa mabati ishirini tu. Yasipopatikana kabla maji hayajafika kizingitini, atarudi Luberizi kwa kaka yake akalime mpunga. Luberizi! Huko hakuna ziwa, na hakuna mimi.

Nimekaa mbele ya kibanda changu cha kuchaji simu, nikiwaza. Nimeona veranda mlimani, viti viwili, karai la mandazi likichemka taratibu, na ziwa huko chini limetulia kama shuka jipya. Kiti kimoja ni changu. Mteja aliniita mara tatu ndipo nikasikia. Simu yake ilikuwa kwangu tangu asubuhi, nilisahau kuichomeka.

Wazo limekuja saa kumi jioni. Mchango. Lakini wa kisasa, wa mtandaoni.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimefungua ukurasa kwenye tovuti moja ya kuchangisha misaada. Kanuni zao kurasa kumi na moja, kwa Kifaransa. Nimesoma mbili. Nikaweka picha ya mchikichi, na chambo kidogo ili watu wasisinzie: atakayetabiri siku ambayo ziwa litagusa kizingiti cha mjane atachukua nusu ya fedha. Nusu nyingine, mabati.

Kufika saa sita ukurasa umefungwa. Wameniandikia kwamba msaada ni msaada, hauna zawadi wala bahati nasibu. Kwamba mwenye kuchangisha lazima aseme ukweli kila senti inakwenda wapi. Na kwamba anayechangiwa lazima awe amekubali. Hili la mwisho limenigusa. Kweli sikumwambia Bernardine. Nilitaka kumshangaza.

Wakati nasoma, Thierry amepita na daftari lake. Thierry anauza dawa, ni mweka hazina wa kwaya, na mashati yake yamepigwa pasi hadi kwenye vifungo. Mwezi mzima anatembea nyumba kwa nyumba akimchangishia Mama Délice. Anaandika jina, anatoa risiti, anashukuru. Amepata mabati matatu. Matatu! Nimemwonea huruma. Kinyonga angeshafika Sange na kurudi.

Nimehamia WhatsApp. Kundi linaitwa HODI YA ZIWA, tiketi dola moja, siku moja.

Jumapili, 14 Aprili

Baada ya misa nimeandika kanuni. Maana kundi bila kanuni ni genge. Nimechota kwenye zile kurasa mbili za tovuti, na kwenye bango la nyumba ya kubashiri mpira pale karibu na soko, ambako huwa naingia kwa ajili ya utafiti. Bango linasema cheza kwa furaha, weka kikomo chako mapema, usikimbize ulichopoteza. Maneno mazuri sana. Nimeyasoma mara nyingi nikiwa nakimbiza nilichopoteza.

Kifungu cha kwanza: hili ni tendo la upendo. Cha tano: hakuna anayeruhusiwa kulisukuma ziwa wala kulizuia. Cha sita: mwandaaji hachezi. Nimejivunia hasa cha sita.

Watu wamenunua! Ndugu zetu wa Kigali, wa Bujumbura, hata binamu yangu Amandine aliye Kanada, tiketi tatu. Tiketi mbili zimenunuliwa na bwana Habonimana, mkazi wa Bujumbura, mtu mwenye haya ambaye hapendi kupigiwa simu. Habonimana ni mimi. Lakini nia ni safi. Akishinda, fedha yote itarudi kwa Bernardine, ukitoa suti na viti viwili vya veranda.

Nimejiwekea kikomo, kama bango linavyotaka. Tiketi mbili basi. Nimeazima kipande cha chaki kwa Bernardine nikaandika 2 nyuma ya mlango wangu. Hakuuliza ni cha nini. Alinipa na andazi.

Siku niliyochagua ni Jumamosi tarehe ishirini. Nililala mchana nikaota kiboko ametoka ziwani, anapanda avenii akidondosha maji, anasimama mbele ya kibanda changu na noti ya dola mdomoni. Akasema Jumamosi. Ukiambiwa na mwenyeji wa ziwa, utabisha?

Jumanne, 16 Aprili

Siku mbili ziwa halijasogea. Kundi linanung'unika. Mmoja ametuma sauti ya dakika nne akimwomba Mungu aamshe upepo wa kusini. Mwingine ameuliza kama siwezi kulihimiza ziwa kidogo, maana yeye alichukua Jumatatu na imepita. Nikamkumbusha kifungu cha tano.

Amandine ameandika kutoka Kanada. Anataka kujua kama huu ni msaada au ni kamari. Kama ni msaada, mbona maji yakipanda watu wanatuma vikaragosi vinavyocheza? Nimemwambia asome kifungu cha kwanza. Amejibu kwamba amekisoma, ndiyo maana anauliza.

Nimewaza jambo hilo nikitazama milima ya Burundi, jinsi inavyoelea asubuhi juu ya maji bila miguu. Watu sabini na wanne wanaamka kila siku wakiomba maji yaingie kwa mjane mmoja, na wote wanampenda. Nikahisi kitu kifuani. Kisha wingu likafunika milima, nikasahau nilikuwa nahisi nini.

Habonimana ameongeza tiketi tatu. Nimefuta 2, nimeandika 5. Kikomo kipo, kimepanda tu.

Alhamisi, 18 Aprili

Vidole viwili kwa siku moja! Nikafurahi. Kisha nikamwona Bernardine kwenye mchikichi, amepiga goti akichora mstari, akabaki pale pale bila kuinuka. Nikahuzunika. Kisha nikahesabu: vimebaki vidole vitatu hadi kizingiti. Nikafurahi tena. Ni kazi ngumu kwa moyo mmoja.

Alinisalimu. Akasema amekwisha kumpigia kaka yake wa Luberizi. Nikamwambia avumilie, kuna jambo kubwa linakuja. Akaniambia mimi ni jirani mwema. Nimeyabeba maneno hayo hadi nyumbani kama mayai.

Mlangoni sasa ni 9. Zote Jumamosi.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku yenyewe. Maji kidole kimoja na nusu chini ya kizingiti. Upepo hakuna.

Asubuhi Bernardine amekuja kwetu mwenyewe kuniomba, mimi si Thierry, nimjazie mifuko ya mchanga ya kuzuia maji mlangoni. Nimejaza kumi na mmoja, mifuko ya mchele wa Sange, na kila niliposhindilia niliota. Veranda. Viti. Yeye akiniletea chai, akinisimulia ziwa lilivyokuwa zamani. Akanifuta mchanga shingoni na ncha ya kitenge chake. Kisha akaenda kwenye mazoezi ya kwaya.

Saa saba ziwa bado limelala. Dola tisa zangu zimelala nalo. Nikachukua jembe la Sidonie. Si kulisukuma ziwa, hapana. Kulionyesha njia tu, kamfereji upana wa kiganja, kutoka ufukweni hadi mlangoni kwa Bernardine. Litakuja lenyewe likitaka.

Lilitaka. Likaja hadi kwenye mifuko yangu kumi na mmoja, likaigusa, likakuta imeshindiliwa vizuri mno. Likageuka kushoto. Kushoto ni kwetu. Likaingia jikoni kwa Sidonie, likachukua sufuria mbili na ndara moja, likapita kwenye kibanda changu kama mteja. Betri ikalia mara moja ikanyamaza. Simu saba za watu zilikuwa chini zikichajiwa. Moja ni ya Thierry.

Thierry alitokea, akakunja suruali, akaokoa simu zote saba na kuzizika kwenye mchele mkavu. Hata ndani ya maji shati lake halikukunjamana.

Sidonie aliuliza nani amechimba. Nikasema fuko. Akaliangalia jembe lake, lina tope hadi mpini. Akasema, «Hilo fuko lako iko linavaa suruali.»

Jumapili, 21 Aprili

Amandine amempigia Sidonie simu kutoka Kanada kumpa pole ya mafuriko, na katika pole akasimulia lile kundi lote, kisha akamtumia sauti na kanuni. Sidonie alikata simu. Akavuka ua na simu mkononi, akampelekea Bernardine. Nikafuata nyuma. Ningekimbilia wapi, Luberizi?

Bernardine aliketi kwenye kizingiti, mifuko ya mchanga pembeni yake, akasikiliza sauti zote moja baada ya nyingine. Yule anayeomba upepo wa kusini. Yule mwenye Jumatatu. Alisoma na kanuni. Alipomaliza alirudi kifungu cha kwanza, akakisoma tena polepole.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Aliniuliza tu mimi nimechagua siku gani. Nikasema mwandaaji hachezi. Akaniuliza tena kwa sauti ile ile. Nikasema Jumamosi.

Akatazama mifuko. Akaniambia, «Kumbe. Asubuhi weye iko unanijazia mchanga, mchana iko unaniitia maji.»

Nilizipekua kanuni zangu kichwani, kifungu kwa kifungu. Nimeona haya, na naandika «haya» kwa sababu hakuna neno lingine linalofaa. Nilitazama miguu yangu. Ndara moja, ile nyingine ziwa limeichukua.

Kisha akainuka, akafungua pindo la kitenge, akatoa dola moja, akamkabidhi Sidonie. Si mimi, Sidonie. Akasema, «Kama watu wanacheza na kizingiti changu, basi na minye nacheze. Andika Jumatatu, kesho.» Nikauliza amejuaje. Akanijibu kwamba amelipima hili ziwa kila asubuhi miaka mitatu, wakati sisi wengine tunaliota.

Jumatatu, 22 Aprili

Upepo wa kusini umeamka saa mbili na robo. Saa tatu kasorobo, wimbi dogo, jembamba, lenye adabu, limepita kati ya mfuko wa saba na wa nane na kugusa kizingiti. Thierry amepiga picha kama ushahidi. Kwa simu yangu.

Kwa hiyo nusu ya mabati ni ya Bernardine. Na nusu ya mshindi ni ya Bernardine. Nilipokumbusha kwa upole kuhusu gharama za mwandaaji, Sidonie alinisomea kanuni zangu zote mbele ya kwaya nzima. Hazikuwa na gharama za mwandaaji. Nilikuwa nimezisahau kwa sababu ya kujivunia kifungu cha sita. Kuhusu dola tisa za Habonimana, walisema bwana huyo akitaka kulalamika na aje mwenyewe kutoka Bujumbura.

Ukijumlisha na matatu ya Thierry, mabati ishirini yametimia, na misumari juu.

Bernardine haendi Luberizi. Amepita mbele yangu na sanduku kichwani. Hakunisalimu.

Jumamosi, 27 Aprili

Siku ya sita bila salamu. Nyumba ya mlimani imeezekwa, kutoka hapa naona bati likimeta saa za jua. Veranda ipo. Viti sivioni, ni mbali. Kila asubuhi nakwenda kwenye mchikichi kuchora mstari, maana hakuna mwingine wa kuchora. Maji yameanza kushuka. Kipande cha chaki bado ninacho, hajakidai.

Nimetafakari makosa yangu kwa uaminifu. Kosa langu lilikuwa kuchezea nyumba ya mtu na shida yake. Sitarudia. Nimefuta 9 mlangoni, nimeandika 0.

Kuna jambo moja tu. Mtu akikosana na jirani, watu hupenda kujua lini watapatana, hata kama hawasemi. Hilo si nyumba, wala si shida. Ni furaha tupu, kama bango linavyosema. Saa nne nimefungua kundi jipya: SIKU MAMA DÉLICE ATAKAPOMSALIMU HYACINTHE, yaani mimi. Nusu kwa mshindi, nusu kwa viti vya veranda. Mwandaaji hachezi.

Amandine amenunua «kamwe». Nimemjibu kwamba kamwe si siku. Thierry amekataa kununua, kisha akarudi akanunua Krismasi. Habonimana amechukua Jumanne, tiketi mbili.

Jioni Sidonie ameshuka kutoka mlimani na mandazi kwenye karatasi. Amesema Mama Délice ameona kundi, ametikisa kichwa kwa muda mrefu, kisha ametoa dola moja na kuchagua siku. Siku gani? Sidonie amekataa kunitajia. Kanuni ni kanuni.

Anapima kila kitu, yule mwanamke, na hakosei.

Nimefuta 0. Nimenunua wiki nzima.