Elimu Iliyopitia kwa Redio Yangu

Jumatatu, 4 Juni 1973
Nimechaguliwa kiongozi wa kikundi cha kusoma kwa redio! Hakukuwa na ubishi. Redio ni yangu, basi na elimu ni yangu. Selemani, balozi wetu wa nyumba kumi, anasema kiongozi atakayefanya vizuri atapelekwa semina Urambo. Treni, wali, nyama, na watu kuniita Mwalimu. Mimi, fundi viatu wa Gongoni! Somo la leo: usafi. Nimeugundua uzuri wa mwalimu wa redioni. Hana fimbo, wala haoni nani kasinzia. Nilisinzia vizuri sana.

Alhamisi, 7 Juni
Betri zimechoka. Nilizianika juani tangu asubuhi, zikapata nguvu za kuazima. Somo: kuchimba choo. Sauti ikasema choo kiwe mbali na... halafu mkwaruzo mtupu. Watu wote wakanigeukia. Kiongozi hanyamazi! Nikasimama, nikamalizia: mbali na barabara, wapita njia wasituone. Koleta, muuza karanga, jirani yangu na mwiba wangu, akauliza kama si mbali na kisima. Nikamwambia mwanafunzi haikosoi redio.

"Redio siikosoi, kaka Nassibu," akasema. "Nakukosoa wewe."

Wakacheka. Hata mke wangu Batuli! Ubaya wa redio ndio huo: ukiiuliza swali haijibu, na haikutetei.

Jumamosi, 9 Juni
Tumeanza kuchimba choo cha mtaa. Mahali palipo mbali zaidi na barabara ni kule nyuma, kando ya kisima. Nimesimamia kazi nikiwa kivulini. Aliyechimba kuliko wote ni Mzee Ngollo. Mwaka jana kuhara kulimchukua mjukuu wake, na anasema hataki kuzika mtoto mwingine. Nikamsifu mbele ya watu. Jioni Batuli akaja kuteka maji. Akalitazama shimo, akaitazama ndoo, akarudi nayo tupu.

Jumapili, 10 Juni
Marudio ya somo. Koleta kaja na betri mpya. Husuda hiyo! Sauti ikatoka safi, kila neno mahali pake: choo kiwe mbali na kisima. Kikundi kizima kikanitazama. Nilitaka kusema huko studio wamebadilisha somo. Lakini Mzee Ngollo alikwisha kuinuka. Hakunigombeza. Alichukua koleo, akaanza kulifukia shimo alilolichimba mwenyewe. Nikamwendea, nikamwamkia shikamoo, nikamwomba msamaha. Akaitikia marahaba, mwanangu, sasa shika koleo. Nikashika. Hatukupumzika mpaka shimo likawa uwanja.

Jumatano, 13 Juni
Choo kipya tayari! Kiko mteremkoni, mbali na kisima. Viganja vyangu malengelenge matupu. Majirani sasa kila mmoja anataka choo chake, na akina mama wanachemsha maji ya kunywa bila kusukumwa. Mzee Ngollo alionja, akalalamika kwamba yananuka moshi, akaomba kikombe cha pili.

Semina kapewa Koleta. Nimetangaza kwamba nimempisha kwa hiari yangu. Stesheni alinipungia mkono kutoka dirishani, akanisihi kikundi kisikose hata somo moja. Nikajikuta nampungia na mimi. Mkono tu, moyo haukuhusika. Au kidogo.

Jumamosi, 16 Juni
Nimepata wazo! Kumbe kuna masomo ya Kiingereza kwa njia ya posta. Mwalimu anakaa Dar es Salaam, somo linakuja ndani ya bahasha. Halikwaruzi, na hakuna jirani wa kulisikia kabla yangu. Hapo nani atanikosoa? Nimeshatuma maombi. Balozi Selemani na wenzake wameshajiandikisha kwangu niwafundishe. Bahasha ya kwanza bado haijafika.

Darasa langu la Kiingereza linaanza Jumatatu.