Nati za Pembeni Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Nimesema! Mbele ya watu wote, kikombe mkononi. Mama mkwe alitangaza kwamba Jumamosi mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja kulichukua gari la marehemu baba mkwe, maana banda analitaka kwa ajili ya kuku. Mke wangu akainamia sahani, machozi yanamdondoka. Ndani ya gari hilo ndimo alimojifunza kusoma vibao vya barabarani, amepakatwa na baba yake. Basi nikasimama. Nikasema gari haliendi kokote, nitaliwasha mimi kabla ya siku hiyo.

Shemeji, kaka wa mke wangu, akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Mama mkwe hakucheka. Aliuliza tu kama yule wa magodoro anajua boneti hufunguliwa upande gani. Yule wa magodoro! Miaka yote hii nimemuoa binti yake. Ni kweli nauza magodoro, tena mazuri. Lakini mkwe ni mkwe.

Kazi yenyewe ndogo. Marehemu alizifungua manifoldi mbili ili abadilishe gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba maungio yasivuje, akaugua, hakurudi tena bandani. Moja huipelekea injini hewa na petroli, nyingine hutoa moshi. Zimelala juu ya meza, nati zimo koponi, gasketi mpya bado imo kwenye nailoni yake. Ni kurudisha tu. Nitashindwaje?

Jumanne, 5 Machi

Sijui chochote kuhusu manifoldi. Hakuna haja ya watu kujua hilo.

Mpango: fundi magari hunyolewa Jumanne. Nikaenda kwa kinyozi, nikajitia nimekuja kunyolewa. Nikapiga porojo za hali ya hewa, kisha nikasema nina rafiki, yuko mbali, anataka kufunga manifoldi. Fundi, povu hadi masikioni, akasema huyo rafiki azibe matundu ya injini kwa vitambaa wakati anakwangua gasketi kuukuu, uchafu usiingie. Kisha akaze nati za katikati kwanza, aende nje kidogo kidogo, raundi mbili tatu, la sivyo moshi utavuja. Halafu akauliza kama rafiki huyo anauza magodoro.

Benchi zima likaangua kicheko. Kinyozi naye akacheka, wembe mkononi. Nimerudi nyumbani na sharubu upande mmoja. Mke wangu ananishauri niwauzie wateja nikiwa nimesimama kwa upande.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji amekuja bandani na kiti. Kiti! Akakaa, akakunja nne, akaanza kuniongoza. Spana siyo hiyo. Mkono siyo huo. Hajawahi kufungua hata kifuniko cha jiko, lakini leo ni Mkurugenzi.

Nikamwondoa kwa akili. Nikamwambia mama yake anataka akamtazamie vizimba vya kuku kule sokoni, na ni aibu kumsubirisha mzazi. Mbio nikamwendea mama mkwe, nikamwambia shemeji amejitolea mwenyewe. Akafurahi, akamwombea baraka. Mkurugenzi akaondoka bila kujua nani kamtuma.

Amani. Nikakwangua gasketi kuukuu mpaka chuma kikang'aa. Vitambaa sikuwa navyo, lakini kwenye kamba ya nguo kulikuwa na soksi za shemeji. Kila tundu soksi yake! Nilifanya kazi huku nachekelea.

Kuzipandisha manifoldi ni jambo jingine. Zimeungana, nzito mno. Nilizibeba kwa tumbo. Zikanidondokea kwenye kidole cha mguu, nikapiga ukelele. Jirani, muuguzi mstaafu, alichungulia juu ya ukuta akauliza nani anazaa.

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji amerudi na vizimba kichwani na hasira usoni. Alisema tutaongea. Kisha akakaa kitini.

Gasketi ikakaa. Manifoldi zikakaa. Nikashika spana. Hapo shemeji akasema kwa ile sauti yake kwamba mtaa mzima unajua huanzwa katikati. Angenyamaza, naapa ningeanza katikati. Lakini ile sauti! Nikamweleza kwamba mimi nimetandika vitanda vya maonyesho maisha yangu yote. Shuka huanza pembe. Ukianza katikati, hulinyooshi tena. Nikakaza nati za pembeni mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nje kwanza, katikati mwisho. Safi kabisa.

Tukaweka betri. Nikazungusha ufunguo. Injini ikagumia, ikagumia, ikanyamaza. Tena. Wapi! Mama mkwe alipita na pumba za kuku, akatazama, akaupima mlango wa banda kwa macho. Afadhali angecheka.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya. Kutwa nzima injini inagumia tu. Jioni shemeji akaanza kulalamika kwenye kamba ya nguo kwamba kuna mwizi wa soksi mtaani.

Nikakumbuka: bado zimo matunduni!

Nikajitia hamnazo. Nikamsaidia kutafuta, hadi chini ya vizimba. Alipoingia ndani, nikakimbilia bandani, nikafungua kila kitu. Zilikuwemo zote, zimelowa petroli. Nimezifukia nyuma ya choo.

Mke wangu akaja kunimulikia tochi. Hakuuliza kuhusu soksi, ingawa aliniona na jembe. Alisema tu kwamba hata gari lisipowaka, amefurahi kuona kuna mtu kashika tena spana za baba yake. Nilimbusu kwa upande wenye sharubu.

Kisha nikafunga upya. Pembe kwanza, bila shaka. Kosa lilikuwa soksi, si pembe.

Jumamosi, 9 Machi

Mnunuzi amefika mapema, na lori, na kamba. Fundi naye akatokea, eti anapita tu. Kinyozi pia anapita tu. Mtaa mzima ulikuwa unapita.

Nikazungusha ufunguo. Ikakohoa. Ikatoa moshi mweusi. Ikawaka! IKAWAKA! Nilipiga kelele mpaka kuku wa watu wakaruka.

Lakini katikati ya manifoldi ikatoka sauti: chs, chs, chs, chs. Fundi akainamisha sikio, akatikisa kichwa. Moshi unavuja, akasema, huyu kaanza pembeni. Shemeji akatangaza kwamba mimi nimeliharibu gari la baba yake. Mnunuzi akaanza kukunjua kamba. Moyo wangu ukaanguka hadi kwenye kile kidole kilichovimba.

Mama mkwe akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Akaamuru wote tunyamaze. Akasimama, anasikiliza. Kisha akaanza kulia, waziwazi, bila kujifuta. Alisema ndiyo hiyo. Hiyo ndiyo sauti aliyokuwa akiisikia tangu kona, akajua mumewe anakuja, akabandika chai. Marehemu naye alikaza za pembeni kwanza. Aligombana na kila fundi kwa ajili hiyo, na gari likapiga chs maisha yake yote.

Mke wangu akamkumbatia. Shemeji akageukia ukuta. Mimi nililia kama mtoto, sioni haya kuandika.

Mnunuzi akaambiwa aende na kamba yake. Shemeji akaambiwa akigusa nati hata moja, hana mama. Kisha mama mkwe akakaa kiti cha mbele, na unga wake, akasema: twende, mwanangu. Alikuwa ananiambia mimi! Tumezunguka mtaa mpaka petroli ikaisha.

Jumapili, 10 Machi

Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Pembe kwanza! Imethibitishwa, tena na watu wawili wasiowahi kushauriana.

Nimekwenda kumweleza fundi ili asiendelee kupotosha wateja. Alikuwa chini ya gari. Nilimfafanulia kwa kirefu, pamoja na mfano wa shuka. Akazidi kugonga nyundo, nadhani alikuwa anaandika kichwani.

Jioni yule muuguzi amerudi na kigari chake. Nimekisikiliza juu ya ukuta. Hakina sauti yoyote, masikini. Mtu anaweza kufika hadi mlangoni na nyumbani kwake wasijue. Kesho anasafiri wiki nzima, na ufunguo wa kigari atamwachia mke wangu. Nimeshazisafisha spana.